Carl Gustav Jung

Carl Gustav Jung (Kesswil, Uswisi, 26 Julai 1875 – Küsnacht, Uswisi, 6 Juni 1961) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mtafiti na mwandishi kutoka Uswisi. Ndiye mwanzilishi wa saikolojia changanuzi, yaani njia ya kuchunguza na kutibu nafsi ya mtu kwa kuzingatia ndoto, picha na alama zinazomjia bila yeye kuzitafuta.

Katika maisha yake aliunganisha kazi tatu ambazo kwa kawaida hufanywa na watu tofauti: udaktari, utafiti na sanaa. Alitibu wagonjwa kwa miaka mingi, alifanya majaribio ya kisayansi, na kwa mikono yake mwenyewe alichora, alichonga mawe na kujenga. Mwaka 1925 alifika Afrika Mashariki, akapita Mombasa, Nairobi, Mlima Elgon na Uganda. Safari hiyo imo katika kumbukumbu za maisha yake, na hadi leo inazua mjadala kuhusu namna alivyowatazama Waafrika.

Utoto na masomo

Jung alizaliwa katika kijiji cha Kesswil, kando ya ziwa Konstanz. Baba yake, Paul Jung, alikuwa mchungaji Mprotestanti. Mama yake, Emilie Preiswerk, alitoka katika ukoo wa wachungaji wa mji wa Basel. Babu yake upande wa baba, aliyeitwa pia Karl Gustav Jung, alikuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Basel.

Carl alikuwa mtoto mpweke. Mama yake alipata maradhi akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa wakati Carl akiwa bado mdogo sana, na jambo hilo lilimwachia jeraha. Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 alichonga sanamu ndogo ya mtu kwenye ncha ya rula yake ya shule, akaipaka wino, akaiweka katika kikasha cha kalamu pamoja na jiwe laini la mto Rhine, kisha akaificha darini. Kila alipohuzunika alipanda kuiangalia, na moyo wake ukatulia. Hakumwambia mtu. Akiwa mtu mzima aliona kwamba kitendo hicho cha kitoto kilimfundisha jambo kubwa: kitu kilichotengenezwa kwa mkono kinaweza kubeba maumivu ambayo mdomo hauwezi kuyasema.

Mwaka 1895 alianza kusomea udaktari huko Basel. Baba yake alifariki mapema mwaka 1896, na familia ikabaki katika hali ngumu; ndugu walisaidia ili kijana amalize masomo. Karibu na mtihani wa mwisho alisoma kitabu cha Richard von Krafft-Ebing kuhusu magonjwa ya akili, akaamua papo hapo kuchagua fani hiyo. Walimu wake walishangaa, kwa sababu wakati ule tawi hilo lilidharauliwa na madaktari wengi. Jung aliona kwamba ni hapo tu ambapo mapenzi yake mawili, sayansi ya mwili na mambo ya roho, yangeweza kukutana.

Daktari wa Burghölzli

Desemba 1900 Jung aliajiriwa katika Burghölzli, hospitali ya magonjwa ya akili ya Zürich. Mkuu wake alikuwa Eugen Bleuler, daktari ambaye baadaye, mwaka 1908, alibuni jina la ugonjwa wa skizofrenia. Madaktari wa Burghölzli waliishi ndani ya hospitali pamoja na wagonjwa. Jung hakuridhika na kuandika tu jina la ugonjwa kwenye faili. Alikaa na wagonjwa na kusikiliza maneno yao yaliyoonekana kuwa upuuzi, akijiuliza yana maana gani kwa msemaji mwenyewe.

Mwaka 1902 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu msichana aliyedai kuzungumza na roho za wafu. Majira ya baridi ya 1902–1903 alikwenda Paris kusoma kwa Pierre Janet. Huko alitembelea majumba ya sanaa na kuchora picha za mandhari. Februari 1903 alimwoa Emma Rauschenbach, binti wa mwenye viwanda wa Schaffhausen. Walipata watoto 5, wasichana 4 na mvulana 1. Emma naye baadaye alifanya kazi ya kutibu kwa njia ya saikolojia changanuzi.

Utafiti uliompatia Jung sifa ulikuwa jaribio la maneno, alilofanya pamoja na mwenzake Franz Riklin. Mtu alisomewa orodha ya maneno kama 100, moja baada ya jingine, na kila mara alitakiwa kujibu kwa neno la kwanza lililomjia. Daktari alipima muda wa kila jibu kwa saa ya kupimia mbio. Majibu mengi yalikuja upesi. Lakini penye neno fulani mtu alisita, alikosea, alicheka au alirudia neno lile lile. Jung alionyesha kwamba kuchelewa huko hakukuwa kwa bahati mbaya: neno lilikuwa limegusa fundo la hisia, yaani mkusanyiko wa kumbukumbu na maumivu ambayo mtu mwenyewe huenda hayatambui. Hivyo jambo lililofichika moyoni likaweza kupimwa kwa saa.

Mwaka 1905 alipandishwa cheo hospitalini na kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Zürich.

Urafiki na Freud

Matokeo ya jaribio la maneno yalikubaliana na mafundisho ya Sigmund Freud wa Vienna kuhusu mambo yanayosukumwa nje ya fahamu. Mwaka 1906 Jung alimtumia Freud maandishi yake, na Machi 1907 walikutana Vienna. Inasimuliwa kwamba siku hiyo walizungumza kwa saa 13. Mwaka 1909 walisafiri pamoja hadi Marekani kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Clark. Mwaka huo huo Jung aliacha kazi ya hospitali, akafungua kliniki nyumbani kwake Küsnacht, kando ya ziwa Zürich. Mwaka 1910 akawa rais wa kwanza wa chama cha kimataifa cha wafuasi wa njia ya Freud.

Urafiki haukudumu. Freud aliona tamaa ya kijinsia kuwa chanzo kikuu cha matatizo ya nafsi. Jung aliona nguvu ya nafsi ni pana zaidi, nayo inajidhihirisha pia katika dini, hadithi za kale na sanaa. Kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu mabadiliko na alama za nguvu hiyo kilionyesha wazi tofauti hizo. Mwanzoni mwa 1913 waliacha kuandikiana kama marafiki, na mwaka 1914 Jung alijiuzulu urais wa chama.

Miaka ya misukosuko na Kitabu Chekundu

Baada ya kuachana na Freud, Jung alipita katika kipindi kigumu. Mwishoni mwa 1913 aliona njozi za mafuriko na damu zikiifunika Ulaya, akahofu kwamba yeye, daktari wa wendawazimu, anaanza kuwa mwendawazimu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka uliofuata, alifikiri upya maana ya njozi hizo.

Hakuacha kazi. Mchana aliwatibu wagonjwa na kuitunza familia. Jioni aliruhusu picha zimjie, akazungumza nazo na kuziandika katika madaftari meusi. Kisha alinunua kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi nyekundu, akanakili humo maandishi hayo kwa herufi za mapambo kama vitabu vya mkono vya karne za kati, pamoja na michoro ya rangi aliyoifanya kwa uangalifu mkubwa. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 16, na hakuimaliza. Inajulikana kama Kitabu Chekundu. Hakukichapisha maishani mwake. Kilitolewa kwa umma mwaka 2009, karibu miaka 50 baada ya kifo chake.

Jung mwenyewe alikataa kuiita kazi hiyo sanaa. Aliogopa kwamba akijiona msanii, angeridhika na uzuri wa picha na kukwepa swali ambalo picha inamuuliza. Kwake mchoro ulikuwa chombo cha uchunguzi, kama saa ilivyokuwa katika jaribio la maneno.

Mafundisho yake

Kutokana na wagonjwa wake, ndoto zake na usomaji wa hadithi za mataifa mengi, Jung alifundisha kwamba chini ya kumbukumbu binafsi za mtu kuna tabaka la nafsi ambalo wanadamu wote wanashiriki. Katika tabaka hilo mna mifano asilia, kama vile mama, mzee mwenye hekima, shujaa na mtoto. Mifano hiyo haionekani yenyewe, bali kila jamii huivika mavazi yake katika ngano, ibada na vinyago.

Mwaka 1921 alitoa kitabu kuhusu aina za haiba. Humo alitofautisha watu ambao nguvu yao huelekea ndani, kwenye fikra zao, na wale ambao nguvu yao huelekea nje, kwa watu na vitu. Mgawanyo huo umeenea duniani kote, na vipimo vingi vya haiba vinavyotumika shuleni na makazini vimetokana nao.

Alifundisha pia kwamba kila mtu ana upande asiotaka kuuona ndani yake, ambao aliuita kivuli. Mtu asiyekikubali kivuli chake huwatupia wengine mabaya yake.

Picha kama sehemu ya tiba

Jung aliwahimiza wagonjwa wake kuchora ndoto zao hata kama hawakuwahi kushika brashi. Hakuwasahihisha wala kuwasifu kwa ustadi. Alitaka mgonjwa akae na picha yake, aiulize maswali, na aeleze mwenyewe inamwambia nini. Mkusanyo wa michoro ya wagonjwa wake umehifadhiwa Zürich.

Kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa afisa wa jeshi akisimamia kambi ya wanajeshi Waingereza waliohifadhiwa Uswisi, alichora kila asubuhi duara dogo lenye nakshi. Aligundua kwamba duara hilo lilibadilika kufuatana na hali ya moyo wake ya siku ile. Baadaye alijua kwamba michoro ya namna hiyo hutumika katika dini za Asia kwa jina la mandala.

Wazo hili linaeleweka kwa mfano wa pwani ya Tanzania. Wazaramo wa Kisarawe, Kibaha na maeneo jirani wana mwanahiti, kinyago kidogo cha mti anachopewa mwali anapowekwa ndani. Si mwanasesere wa kuchezea. Ni alama inayobeba mafunzo ya uzazi, ukoo na utu uzima, na maana yake hufundishwa na wanawake wenye dhamana hiyo. Mtu anayekiona kinyago hicho makumbusho bila kuwauliza wenyewe anaona mti uliochongwa tu. Kanuni ya Jung kwa wagonjwa wake ilikuwa hiyo: mwenye alama aulizwe kwanza.

Mwaka 1932 aliandika makala kuhusu Pablo Picasso na nyingine kuhusu mwandishi James Joyce. Makala ya Picasso ilizua hasira kwa sababu Jung alilinganisha picha za mchoraji huyo na zile za wagonjwa wa skizofrenia. Wapinzani walisema alimpima msanii kana kwamba ni mgonjwa kliniki. Mwaka huo huo mji wa Zürich ulimpa tuzo yake ya fasihi.

Nyumba ya Bollingen

Mwaka 1922 Jung alinunua kiwanja Bollingen, kando ya ziwa Zürich, na mwaka uliofuata akaanza kujenga mnara wa mawe. Alifanya sehemu ya kazi hiyo kwa mikono yake akisaidiwa na mafundi. Aliuongeza mara kadhaa, mara ya mwisho baada ya mke wake kufariki mwaka 1955. Hapakuwa na umeme. Alipasua kuni, alipika na kuteka maji mwenyewe.

Mwaka 1950 machimbo yalileta kwa makosa jiwe la mraba lisilolingana na vipimo vilivyoagizwa. Fundi alitaka lirudishwe, lakini Jung akalizuia, akalichonga maandishi na alama pande zake kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwake. Jiwe hilo lingali pale.

Safari ya Afrika Mashariki

Jung aliona kwamba hawezi kusema juu ya wanadamu wote kwa kuwajua Wazungu tu. Mwaka 1920 alitembelea Tunisia na Algeria, na mwanzoni mwa 1925 aliwatembelea Wahindi wekundu wa Taos nchini Marekani. Oktoba 1925 alipanda meli nchini Uingereza pamoja na daktari Mwingereza Peter Baynes na kijana Mmarekani George Beckwith. Njiani alijiunga nao Mwingereza Ruth Bailey. Walifika Mombasa mwezi Novemba.

Walikwenda Nairobi kwa reli. Katika mbuga za Athi, Jung alijitenga na wenzake akatazama makundi ya wanyama yakila majani kwa utulivu. Alifikiri kwamba ulimwengu huo ulikuwapo tangu zamani bila mtu wa kuujua, na kwamba ni fahamu ya mwanadamu inayoupa maana. Wazo hilo alilishikilia hadi mwisho wa maisha yake.

Kutoka hapo walielekea Mlima Elgon wakiwa na wapagazi na askari, wakaweka kambi kwa majuma kadhaa miongoni mwa Wakony, ambao ni sehemu ya Wasabaoti. Mazungumzo yalifanyika kwa Kiswahili, ambacho Jung alikijua kidogo, na kwa msaada wa wakalimani. Wapagazi waliwapa wageni majina. Beckwith, aliyependa nguo, aliitwa Bwana Maridadi. Jung alikuwa na miaka 50 na mvi kichwani, naye akaitwa Mzee.

Jung aliuliza watu ndoto zao. Alitoa sigara, viberiti na pini, lakini hawakumwambia. Hatimaye alizungumza na laiboni mzee. Alielezwa kwamba kuna ndoto ndogo za mtu binafsi, na ndoto kubwa zinazoihusu jamii nzima. Zamani laiboni aliota juu ya vita, magonjwa, mvua na malisho. Tangu Waingereza walipokuja, mzee huyo alisema kwa huzuni, ndoto hizo zilikoma, kwa kuwa sasa Bwana DC ndiye anayejua kila kitu. Jung aliona pia wazee wakitema mate au kupuliza viganjani na kuvielekeza kwenye jua linapochomoza. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba ndivyo walivyofanya siku zote.

Kutoka Elgon msafara ulishuka kupitia Bugisu hadi Jinja, ukaendelea kwenye ziwa Kyoga na ziwa Albert, kisha ukafuata mto Nile kupitia Sudan hadi Misri. Jung alirudi Uswisi mwaka 1926.

Lawama juu yake

Wachunguzi wa baadaye wanakosoa mambo kadhaa ya safari hiyo. Jung aliwaita wenyeji wake watu wa hali ya kale, kana kwamba Wakony walikuwa utoto wa Mzungu na si watu wa wakati wake. Alijua kwamba utawala wa kikoloni ulikuwa umeua ndoto za laiboni, lakini yeye mwenyewe alisafiri chini ya ulinzi wa utawala huo. Wenyeji walipokaa kimya mbele ya mgeni mweupe aliyeuliza siri zao, walikuwa na sababu ya kutosha. Kanuni yake ya kumwacha mwenye alama aieleze aliifuata vizuri zaidi Küsnacht kuliko Elgon.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique, alimkosoa Jung katika kitabu chake cha mwaka 1952. Kwa Fanon, picha mbaya za mtu mweusi zilizomo akilini mwa Mzungu si urithi wa wanadamu wote. Zimefundishwa na vitabu, shule na ukoloni, kwa hiyo zinaweza kuondolewa.

Lawama nyingine ni ya miaka ya utawala wa Adolf Hitler. Mwaka 1933 Jung alikubali kuwa rais wa chama cha madaktari wa tiba ya nafsi chenye makao Ujerumani, na mwaka 1934 aliandika juu ya tofauti za saikolojia ya Wayahudi na ya Wajerumani, maneno yaliyowafaa Wanazi. Watetezi wake hukumbusha kwamba alibadilisha katiba ya chama ili madaktari Wayahudi waliofukuzwa waweze kuwa wanachama binafsi. Wapinzani hujibu kwamba alikawia mno kujitenga. Alijiuzulu mwishoni mwa miaka ya 1930.

Aidha, uhusiano wake na Sabina Spielrein na Toni Wolff, ambao kwanza walikuwa wagonjwa wake, usingekubalika kwa maadili ya udaktari wa leo. Wote wawili baadaye walifanya kazi zao wenyewe za tiba ya nafsi. Wanasayansi pia husema kwamba nadharia yake ya tabaka la pamoja la nafsi ni vigumu kuipima, tofauti na jaribio la maneno la ujana wake.

Miaka ya mwisho na urithi

Mwaka 1944 Jung alipata shambulio la moyo, lakini aliendelea kuandika vitabu vingi baada ya hapo. Mwaka 1948 taasisi yenye jina lake ilianzishwa Zürich. Baada ya kifo cha Emma, Ruth Bailey, mwenzake wa safari ya Elgon, alihamia Küsnacht kumtunza. Jung alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Juni 1961, akiwa na miaka 85.

Mrithi wake mmoja mashuhuri katika kuunganisha tiba na sanaa alikuwa Nise da Silveira, daktari wa Brazil. Alikataa kuwatibu wagonjwa kwa mshtuko wa umeme, na mwaka 1946 akafungua karakana ya uchoraji katika hospitali moja ya Rio de Janeiro. Mwaka 1957 kazi za wagonjwa wake zilionyeshwa Zürich, na Jung mwenyewe alikwenda kuzitazama.

Leo tiba kwa njia ya sanaa inatumika katika hospitali za nchi nyingi. Wanaoitumia si lazima wakubali nadharia zote za Jung. Kinachobaki ni desturi aliyoisisitiza: kumpa mgonjwa karatasi na rangi, kungoja, kisha kumuuliza yeye mwenyewe maana ya alichochora.